Soko la Cheptais na Mshikamano wa Jamii

Mshikamano wa kijamii, yaani hali ya watu wa koo, makabila na vipato mbalimbali kuaminiana kiasi cha kushirikiana pasipo kushurutishwa, huonekana thamani yake hasa pale ulipowahi kuvunjika, kama ilivyotokea Cheptais, mji mdogo wa Kaunti ya Bungoma ulio kwenye miteremko ya Mlima Elgon karibu na mpaka wa Uganda.

Chanzo cha mgogoro huo kilikuwa ardhi. Mpango wa makazi wa Chebyuk ulianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya watu walioondolewa katika nyanda za juu za Chepkitale, na ugawaji wa mashamba ulizua malalamiko ya upendeleo ambayo, mwaka 2006, yaligeuka kuwa uasi wa kundi la Sabaot Land Defence Force (SLDF), lililowaua wananchi na kuwatoza kodi kwa nguvu; operesheni ya kijeshi ya Okoa Maisha, iliyoanza Machi 2008, nayo ikaacha malalamiko mazito ya mateso na ya watu kutoweka.

Katika eneo lenye majeraha ya aina hiyo, soko ni miongoni mwa mahali pachache ambapo Wasabaoti, Wabukusu na Wateso hulazimika kuonana uso kwa uso. Hata hivyo, kukutana peke yake hakutoshi. Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba makutano hupunguza chuki iwapo wahusika wana hadhi sawa, lengo moja na ushirikiano wa kweli, na iwapo mamlaka inawaunga mkono. Naye mtaalamu wa sayansi ya siasa Ashutosh Varshney, katika utafiti wake kuhusu miji ya India uliochapishwa mwaka 2002, alionyesha kuwa vyama vinavyowaunganisha watu wa dini tofauti, vikiwemo vya wafanyabiashara, huzuia uvumi kugeuka kuwa ghasia. Mchuuzi aliyemkopesha jirani wa kabila jingine magunia ya viazi ana sababu ya kumpigia simu kabla ya kuamini maneno ya mtaani.

Kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka masoko mikononi mwa serikali za kaunti, ugawaji wa vibanda ni jambo nyeti kuliko maofisa wengi wanavyodhani, maana majina yakipangwa faraghani, dhuluma ya Chebyuk hurudiwa kwa kipimo kidogo. Orodha ya waombaji ibandikwe hadharani, kamati ya soko ichaguliwe na wauzaji wenyewe, na hesabu ya ushuru unaokusanywa isomwe mbele yao.