Kompyuta na Mgawa Zamu Wake

Watu wengi hununua kompyuta kwa uzuri wa kioo chake na wepesi wa kazi zake, na aghalabu hawadhani kwamba baina ya mashine waigusayo na programu wazitumiazo ipo programu nyingine iliyotangulia zote, iitwayo mfumo wa uendeshaji, ambayo bila ya idhini yake hapana herufi iandikwayo wala picha ionekanayo. Dhima yake ni ugawaji: prosesa, kumbukumbu na diski zina mpaka, na programu zivitakazo vitu hivyo ni nyingi, basi mfumo huamua ipi itangulie, ipi ingoje, na ipi izuiwe isiingie katika milki ya mwenziwe.

Zama za mwanzo haja hiyo haikuwako. Mapema katika miaka ya 1950 mwandishi wa programu alipewa muda wake, akaja na kadi zake zilizotobolewa, akaitawala mashine nzima peke yake. Walakini mashine ya thamani kubwa ilikaa kimya huku mtu akipanga kadi na kufunga tepu, na hasara hiyo haikuvumilika. Ndipo mwaka 1956 wahandisi wa General Motors na North American Aviation walipoiandikia kompyuta ya IBM 704 programu ya kupokea kazi moja baada ya nyingine bila ya kungoja mkono wa mtu, nayo huhesabiwa miongoni mwa mifumo ya kwanza kabisa.

Ushahidi wa faida ya ugawaji huo unikinaishao zaidi ni wa tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipokuwa wakishuka mwezini. Rada isiyohitajiwa kwa kazi ya saa ile ilikuwa ikiila sehemu ya wakati wa kompyuta ya chombo chao, hata kazi zikazidi uwezo, na tahadhari yenye namba 1202 ikatokea mbele ya macho yao. Lakini programu ya kugawa zamu, aliyoisanifu Hal Laning katika maabara ya MIT, ilikuwa imeipa kila kazi daraja yake. Kwa hiyo kompyuta ilijianzisha upya papo hapo, ikazirudia kazi za kukiongoza chombo, ikayaacha yaliyo duni, na wale wawili wakatua salama. Hikima hiyo yastahili taadhima: mashine haikuongezewa nguvu hata chembe, ila ilijua lipi faradhi na lipi sunna.

Je, kila mashine yauhitaji mfumo huu? Hasha. Kikokotoo cha dukani husoma kitufe, huonyesha hesabu, kisha hurudia mzunguko ule ule. Kukitwika mfumo ni kuongeza gharama na kumaliza betri bure. Simu ya mkononi ni kinyume chake, kwani Android, iliyojengwa juu ya kiini cha Linux alichokianzisha Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, haina budi kuulinda mpaka ili mchezo uliopakuliwa jana usiisome siri ya programu ya benki.

Kati ya pande hizo mbili ndipo fundi apimapo. Pampu iwashwayo tangi linapopungua maji yatosheka na programu moja. Lakini ikitakiwa pia ipeleke habari kwa intaneti, ihifadhi hesabu za kila siku na kupokea amri kutoka mbali, nayo isichelewe hata kidogo kuizima mota tangi likijaa, hapo haja ya mfumo huanza.