Kikundi chetu cha bao na nyumba ya mtandaoni

Sisi Wapwani wachache tunaoishi Karurumo, Embu, tuna kikundi cha bao. Mwaka jana ukurasa wetu wa bure mtandaoni ulifungwa: mfanyabiashara mmoja alilalamika kwamba jina letu ni alama yake ya biashara. Picha zote zikapotea, hata za mzee wetu marehemu aliyetufundisha mchezo.

Sasa tunatafuta nyumba mpya, na mimi nasema tuanze na jina. Tusisahau ya kikoi. Mwaka 2006 kampuni ya Uingereza iliomba kusajili neno “Kikoy” huko kwao. Ingefaulu, mfumaji wetu angeuzaje kikoi Uingereza kwa jina lake? Watu wakapinga, na ombi likaondolewa.

Ukurasa wa bure ni nyumba ya kupanga. Mwenyewe akitaka, mtatoka. Anwani ya .ke ni yenu mradi mnailipia, ingawa nayo yaweza kupingwa na mwenye alama. Kinachokinga jina hasa ni kulisajili kwa KIPI, Nairobi. Usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kwanza tutapekua daftari la KIPI tuone kama jina jipya lina mwenyewe. Pili, anwani iandikwe kwa jina la kikundi, si la kijana mmoja mwenye nywila. Tatu, picha ziwe na nakala nyumbani. Kurasa za bure zibaki kuwa baraza la kuitia wageni.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.