Likasi: kuchemsha maji hakuondoi kobalti

Mama anayechemsha maji ya kisima anaua vijidudu vya kipindupindu. Kobalti, risasi na arseniki hazifi kwa moto: maji yakipungua kwenye sufuria, metali inabaki yote.

Jambo hilo linawahusu wakaaji wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, ambako shaba na kobalti vinasafishwa tangu wakati wa ukoloni. Uchafu wa viwanda unafuata mto Panda, unaingia Lufira, kisha unatua katika ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha, na ambamo wavuvi wanatega nyavu zao.

Metali hizo hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya milioni ya gramu. Mtu anaweza kuzinywa miaka mingi bila kushtuka.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kwa waliokaa karibu na migodi na viwanda, kobalti ilipita kiwango chochote kilichokuwa kimeandikwa kwa raia wa kawaida. Watoto waliguswa zaidi, na haishangazi: wanacheza chini, kwenye vumbi.

Kuacha kisima hakutoshi, kwani kobalti inapitia pia mboga na samaki. Kuosha lengalenga kunatoa vumbi lililoshika majani. Ile iliyonyonywa na mizizi inabaki. Kiwandani, chokaa ikitiwa katika maji machafu, metali nyingi zinatua chini kabla ya kufika mtoni. Jikoni hakuna njia hiyo.