Usafi wa Ndege Huanzia Mgodini

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi maafisa na askari wa majeshi na wa polisi, leo tunakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali sana na mwambao wa Ziwa Mweru. Jambo lenyewe ni juhudi za viwanda vya ndege duniani za kupunguza moshi na taka. Nchelenge hakuna kiwanda cha ndege. Wakazi wake wengi ni wavuvi, wakulima na wachuuzi, na vyombo wanavyovitegemea ni mitumbwi na mashua zinazovuka kwenda Kilwa, upande wa Kongo. Hata hivyo, hesabu ya usafi wa ndege haiwezi kukamilika bila kufika katika maji hayo.

Tuanze na hewa. Kila kilo moja ya mafuta ya ndege inayoungua hutoa zaidi ya kilo tatu za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni iliyomo katika mafuta hujiunga na oksijeni. Injini ya ndege haina chujio la kuizuia hewa hiyo. Kwa hiyo zimebaki njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuchoma mafuta machache zaidi kwa safari ile ile. Ya pili ni kutumia mafuta yaliyotengenezwa kwa mimea au kwa mabaki ya mafuta ya kupikia, kama yale yaliyochanganywa katika ndege ya Shirika la Ndege la Kenya iliyoruka kutoka Nairobi kwenda Amsterdam mwezi Mei 2023.

Njia ile ya kwanza ndiyo kazi ya mwundaji wa ndege. Yeye hupunguza uzito wa bodi na kuifanya injini ipate nguvu zaidi kutokana na mafuta kidogo. Katika ndege ya Boeing 787 nusu ya uzito wa umbo lake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu, badala ya alumini tupu ya zamani. Ama injini, siri yake ni joto. Kadiri gesi inavyokuwa ya moto zaidi ndivyo kazi inayopatikana katika kila lita inavyoongezeka. Lakini joto hilo lina gharama yake, kwani huzalisha oksaidi za naitrojeni kwa wingi, nazo huharibu hewa. Hivyo wahandisi wanalazimika kupunguza uchafu mmoja bila kuongeza mwingine.

Nchi za dunia nazo zimeweka sheria. Mwezi Machi 2017 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipitisha kipimo cha kwanza cha hewa ya ukaa kwa ndege zenyewe. Kipimo hicho kilianza kutumika kwa aina mpya za ndege mwaka 2020, na aina za zamani zisizokifikia zimepewa hadi mwaka 2028 zirekebishwe, au uundaji wake ukome. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kulenga mwaka 2050 kuwa mwaka ambao safari za kimataifa za ndege hazitaongeza tena hewa ya ukaa angani.

Pamoja na moshi wa safarini, uko uchafu wa kiwandani. Ili ndege isiliwe na kutu, mafundi kwa miaka mingi wameipaka rangi za kromu na kuvifunika vyuma vyake kwa kadimi. Vyote viwili ni sumu, na aina ya kromu itumikayo katika kazi hiyo husababisha saratani kwa mtu aivutaye puani. Dawa za kuondolea grisi nazo, zilipomwagwa ovyo, zimepenya ardhini na kuharibu visima katika maeneo ya viwanda vya ndege nchini Marekani. Ndiyo sababu viwanda vingi hivi sasa vinafuata utaratibu wa usimamizi wa mazingira uitwao ISO 14001, uliotolewa mwaka 1996, ambao hukitaka kiwanda kuorodhesha kila taka, kuipima, kumtaja mwenye dhamana nayo na kuonyesha jinsi itakavyopunguzwa.

Hadi hapo, ndugu wasikilizaji, kazi njema imefanyika. Swali letu ni hili: orodha hiyo ya taka inaanzia wapi? Mara nyingi huanzia kwenye lango la kiwanda. Lakini chuma hakikuzaliwa langoni.

Injini ile yenye joto kali haiwezi kuundwa kwa chuma cha kawaida. Mapanga yake madogo, yanayozungushwa na gesi ya moto, hufanyizwa kwa mchanganyiko wa nikeli, kromu na metali nyingine, na katika aina nyingi za mchanganyiko huo imo kobalti, ambayo husaidia chuma kisilegee motoni. Ni kweli kwamba betri ndizo zinazotumia kobalti nyingi kuliko ndege. Lakini mgodi ni ule ule, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na shaba, katika ukanda wa Katanga ya zamani unaopakana na Zambia.

Sasa tazameni ramani. Lubumbashi ni mji uliokua kwa kuyeyusha shaba tangu mwaka 1911. Kusini mwake unapita Mto Kafubu, ambao huelekea mashariki na kuingia Mto Luapula, ulio mpaka wa Zambia na Kongo. Luapula humwaga maji yake katika Ziwa Mweru, na Nchelenge iko ufukoni. Watafiti wamekuta metali za migodini katika mito ya Lubumbashi. Hatusemi kwamba samaki wa Mweru wamekwisha kudhurika, maana safari ni ndefu na sehemu kubwa ya metali hutuama njiani katika matope. Tunasema kwamba njia ya maji ipo, na maji hayasimami kuonyesha pasi mpakani.

Wanaodhani kuwa hofu hii ni ya bure na wakumbuke tarehe 18 Februari 2025. Siku hiyo ukingo wa bwawa la taka za mgodi wa shaba huko Chambishi, Zambia, ulibomoka, na maji ya tindikali, ambayo taarifa za mwanzo ziliyakadiria kuwa lita milioni 50, yakaingia katika mto unaokwenda Kafue. Samaki walikufa, mashamba yaliungua, na wananchi wa Kitwe wakakatiwa maji ya bomba. Mto Kafue hauendi Mweru bali Zambezi, lakini somo ni moja. Serikali ya Zambia ililazimika kutumia ndege za Jeshi la Anga kumwaga chokaa mtoni ili kupunguza ukali wa tindikali. Ndege, chombo kilichoundwa kwa metali kutoka migodini, ikatumwa kutibu jeraha lililotoka mgodini!

Jambo hili linawahusu askari kwa namna tatu. Kwanza, Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa kanuni za anga, unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, za forodha na za polisi ziko nje yake. Basi usafi wa ndege hizo hauna msimamizi wa kimataifa, bali unategemea nidhamu ya kikosi. Oili chafu, rangi na dawa za kuondolea grisi zinapomwagwa nyuma ya karakana, hakuna mkaguzi kutoka nje atakayekuja kuuliza.

Pili, ulinzi wa sheria. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa upande wa Zambia wa Mweru ili samaki wazaliane, na watekelezaji wa sheria hupiga doria dhidi ya nyavu haramu. Itakuwa kazi bure kumlinda samaki asinaswe na wavu, kisha tukamwachia sumu ya juu ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zambia ya mwaka 2011 inahesabu uchafuzi kuwa kosa. Askari anayeona gari likimwaga maji ya mgodi usiku ameona kosa, sawa na aliyeona mzigo wa magendo.

Tatu, taarifa. Rangi ya maji ikibadilika, au samaki wakielea, saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuzuia tindikali iliyokwisha kuingia mtoni haujengeki.

Viwanda vya ndege vina haki ya kusifiwa kwa kila lita ya mafuta vilizookoa. Lakini vinunuapo metali, viulize imetoka mgodi gani, na taka za mgodi huo zimelala wapi. Ndege itastahili kuitwa safi pale mvuvi wa Nchelenge atakapokuwa na hakika ya maji anayotegea wavu wake.