Je, Wajua? Mizani ya Kupimia Kisichoonekana

Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, ugomvi wa mizani si jambo geni. Mavuno yakishaingia, mnunuzi huja na mzani wake, mkulima huutazama kwa jicho la pembeni, na gunia lenye lumbesa huzua maneno hadi jua linatua. Leo tuitazame mizani nyingine, ile ya maabara iitwayo spektromita ya tungamo. Hii hupima molekuli, na watafiti wa magonjwa huitumia kusoma damu, mkojo, jasho na hata pumzi.

Je, wajua kwamba Momba ina hisa mbili katika habari ya mizani hii?

Hisa ya kwanza ni jiwe. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka karibu na Ivuna, katika wilaya hiihii. Kilikuwa kidogo, gramu 700 na ushei, si kama lile dude la chuma la Mbozi ambalo watalii hupiga nalo picha. Lakini wanasayansi walipoyagawa mawe ya angani katika makundi, kundi moja adimu waliliita CI, na ile herufi I ni ya Ivuna. Mawe ya kundi hilo yamehifadhi mchanganyiko wa elementi unaokaribia sana ule wa jua, ukiondoa gesi nyepesi. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba ndani ya jiwe la Ivuna mna asidi amino, ikiwemo glaisini, ambayo imo pia katika mwili wako. Na Japani ilipoleta udongo wa sayari ndogo ya Ryugu mwishoni mwa 2020, vipimo, vikiwemo vya mizani hii, vilionyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni kundi la Ivuna.

Hisa ya pili ni gesi. Miamba mikongwe ya Bonde la Rukwa ina urani na thoriamu ambazo, zinapovunjika polepole kwa mamilioni ya miaka, huzalisha heli. Joto la volkano za Bonde la Ufa likaifungulia mlango, ikaanza kupanda. Mwaka 2016 kampuni ya Helium One pamoja na wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba heli iliyoko Rukwa ni nyingi, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula kikaitoa hadi juu. Ina uhusiano gani na magonjwa? Katika aina moja maarufu ya mtambo tunaouzungumzia, sampuli hugeuzwa mvuke, na gesi inayoubeba mvuke huo hadi kwenye mizani kwa kawaida ni heli. Huchaguliwa kwa sababu haigombani na kemikali yoyote.

Je, wajua kwamba mtambo huu hufanya kazi ya ungo?

Anayepepeta mpunga huuachia upepo kazi ya kuchagua: makapi huenda mbali, punje huanguka karibu. Mtambo nao hupepeta. Kwanza huzipa molekuli chaji ya umeme, kisha huzirusha ndani ya ombwe. Nyepesi hukimbia na kupindishwa kirahisi, nzito hujikokota. Kwa kupima muda wa safari, au kiasi cha kupinda, kompyuta huujua uzito wa kila moja. J. J. Thomson wa Cambridge alikuwa wa kwanza kuona matunda ya njia hii, yapata 1912, alipogundua kwamba gesi ya neoni ina uzito wa aina mbili, 20 na 22. Msaidizi wake, Francis Aston, aliuboresha mtambo na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1922.

Tatizo lilibaki kwenye molekuli kubwa za mwili, ambazo zilivunjika kabla hazijaruka. Mmarekani John Fenn aliliondoa kwa kunyunyiza sampuli katika matone madogo sana yenye umeme, na mwenyewe akalinganisha kazi hiyo na kumvika tembo mabawa. Upande wa Japani alikuwepo Koichi Tanaka, mhandisi wa kiwanda cha Shimadzu mjini Kyoto, ambaye hakuwa na shahada ya uzamivu. Siku moja mwaka 1985 alikosea, akamimina gliserini kwenye unga wa metali badala ya kimiminika alichokusudia. Aliona hasara kuutupa unga ule wa gharama, akaupiga mwanga wa leza hivyohivyo, na molekuli zikaruka zikiwa nzima. Fenn na Tanaka waligawana Nobel mwaka 2002 pamoja na mwanasayansi wa tatu. Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara kinachonifurahisha ni ule ubahili wa Tanaka.

Je, wajua kwamba mwili hutoa moshi?

Mpita njia huweza kujua kinachopikwa ndani kwa moshi na harufu tu. Mwili nao ukipika chakula, ukijenga misuli au ukipambana na vijidudu, huacha kemikali ndogondogo zinazoitwa metabolaiti. Sukari, asidi za mafuta na mabaki ya dawa zote zimo humo. Jirani za metabolaiti hizi ni lipidi, yaani mafuta ya aina nyingi yanayojenga kuta za seli na kubeba ujumbe. Ugonjwa ukiingia jikoni, moshi hubadilika. Malaria ni mfano mzuri. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba watoto wa Dar es Salaam waliopata malaria ya ubongo walikuwa na arjinini kidogo katika damu. Mwili huitumia asidi amino hiyo kutengeneza gesi inayolegeza mishipa ya damu, na inapopungua, mishipa hubana wakati mbaya kabisa.

Magharibi mwa Kenya walikwenda mbali zaidi, wakaichunguza harufu ya miguu. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba mbu walipendelea harufu ya mtoto mwenye vimelea vya malaria kuliko harufu ya mtoto huyohuyo akishapona. Mizani ilipoichambua harufu hiyo ilikuta aldehaidi zimeongezeka, kemikali za ukoo ule ambao mafuta ya kula hutoa yakichacha. Kwa maneno mengine, kimelea humpaka mtoto manukato ya kumwita mbu mwingine. Malawi nako walipima pumzi za watoto, wakakuta wenye malaria wanatoa harufu zinazofanana na za mimea fulani inayovuta mbu.

Je, wajua kwamba pua ya muuguzi iliitangulia maabara?

Joy Milne, muuguzi mstaafu wa Scotland, aliona harufu ya mume wake imebadilika zaidi ya miaka 10 kabla mume hajaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Watafiti wa Edinburgh walimjaribu kwa fulana 12, sita za wagonjwa na sita za watu wenye afya. Aliwataja wagonjwa wote sita, ila akang'ang'ania kwamba mmoja wa wale wenye afya naye ni mgonjwa. Wakaandika kwamba amekosea moja. Miezi minane baadaye mtu yule akagundulika ana Parkinson.

Profesa Perdita Barran wa Chuo Kikuu cha Manchester akaichukua kazi hiyo na kuyapima mafuta ya ngozi ya mgongoni. Mwaka 2019 kundi lake lilitaja kemikali zilizopanda au kushuka kwa wagonjwa. Siku hizi wanafuta mgongo kwa kipande cha pamba, hakuna sindano. Ngozi yenye mafuta, ambayo vijana huisugua kwa sabuni kila asubuhi, kumbe ni daftari.

Kifua kikuu nacho huacha nyayo mapema. Utafiti uliochapishwa 2018 ulifuatilia watu wanaoishi nyumba moja na wagonjwa katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo kupitia Makerere, ukaona damu ya watakaougua ikibadilika miezi kadhaa kabla ya kikohozi. Na katika nchi nyingi tajiri, tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga, likikaushwa kwenye karatasi, hupimwa magonjwa kadhaa ya kurithi kwa dakika chache.

Je, wajua kwamba sumukuvu ina hesabu ya darasa la tatu?

Hapa ndipo mizani ile inapokutana na gunia la Chitete. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini B1, yenye uzito wa molekuli 312. Ini likiipokea huibandika atomu moja ya oksijeni, yenye uzito wa 16. Jumla 328: hiyo ndiyo M1, ambayo hutoka kwenye mkojo na katika maziwa ya mama. Mtambo ukiona 328 mahali pake, unajua mtu alikula nini, hata kama ugali wenyewe ulishakwisha. Mtu anaweza kubisha kuhusu ghala lake, lakini mkojo wake hautamfichia siri.

Madhara yake tunayafahamu. Kenya mwaka 2004 waliougua walikuwa 317, wakafa 125. Kwetu, mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliripotiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walikufa. Kwa miaka mingi sumu hii huchochea pia saratani ya ini. Kuchemsha hakuiondoi, na kukoboa huipunguza tu. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu B1 izidi mikrogramu 5 katika kilo moja ya mahindi. Kiasi hicho hakuna jicho linaloweza kukiona.

Mtambo wa kukiona ni wa bei kubwa, unataka umeme usiokatika na mtaalamu wa kuukalia. Lakini kuvu hustawi pale tu penye unyevu, na unyevu unaweza kuupima mwenyewe nyumbani. Chukua chupa safi iliyokauka, tia chumvi kavu kiasi cha robo, ongeza mahindi hadi nusu, ifunge, itikise vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi: yarudishe juani, juu ya turubai, usiyaanike kwenye udongo mtupu. Isipogandia, unaweza kuyaweka ghalani. Ila hakikisha chumvi yenyewe umeianika kwanza, maana ikiwa na maji itakudanganya.