Ng'ombe Mmoja, Wenyewe Watatu

Kilima cha Kamukuzi, mjini Mbarara, kilikuwa makao ya Omugabe, mfalme wa Ankole, mpaka falme zilipofutwa Uganda mwaka 1967. Mwaka 1993 falme nyingine zilirudishwa, ya Ankole ikaachwa. Mwanamfalme John Barigye alitawazwa Novemba mwaka huo, serikali ikabatilisha. Ila habari za Bagyendanwa hazijafutika. Hiyo ndiyo ngoma kuu ya ufalme, na ilikuwa na kundi lake la ng'ombe. Hawakuwa ng'ombe wa mfalme wala wa mtunza ngoma. Walikuwa wa ngoma yenyewe.

Ofisa wa leo, fomu mkononi, akifika kwenye nafasi ya "jina la mmiliki", angejaza nini? Ngoma? Na namba ya kitambulisho chake je?

Mzaha huo una uzito kwa Wahima, wafugaji wa Ankole, na kwa Wanyarwanda na Wanyamulenge wa Kongo walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini mwa Mbarara. Nchini Uganda mnyama anayesafirishwa hutambuliwa kwa karatasi: barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha kibali cha daktari wa mifugo, ndipo lori lipite kizuizini. Ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Tanzania, mambo yamekwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 2010 inalazimisha mifugo itambuliwe, isajiliwe na ifuatiliwe. Ilianza chapa ya moto, ikafuata hereni ya kielektroniki yenye namba. Hereni ya ng'ombe mmoja iliuzwa shilingi 1,750 za Tanzania, kwa hiyo mwenye ng'ombe 200 alitakiwa kutoa shilingi 350,000 kabla hajanunua hata chupa ya dawa ya kupe. Kelele zilifika bungeni. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kampeni ya chanjo na utambuzi mjini Bariadi, hereni zilikuwa bure.

Bei, basi, ilikuwa na dawa. Ulazima wenyewe ndio mgumu zaidi, na ili kuelewa kwa nini, inafaa kuingia zizini.

Katika zizi la Muhima hakuna ng'ombe asiyejulikana. Bihogo ni yule mwenye wekundu uliokolea, rangi inayopendwa kuliko zote. Gaju ni mwenye rangi ya kahawia iliyopauka. Mugondo ana madoadoa. Juu ya rangi huja umbo la pembe, baka la kwenye paji la uso, mwendo, hata namna anavyogeuza shingo akiitwa. Mtoto anayechunga ndama tu tayari amekwisha kuyajua majina hayo, na nasaba pia: huyu ni binti wa yule, aliyezaliwa mwaka ule wa ukame. Kundi likirudi jioni mchungaji hahesabu. Anatazama tu. Anayekosekana huonekana kama pengo la jino mdomoni.

Kuhesabu, kwa kweli, si adabu. Mgeni anayemwuliza mwenyeji ana ng'ombe wangapi ataletewa maziwa na tabasamu, na jibu lisilo na namba. Zipo njia nyingine za kuwataja. Wanaume wa Kihima wana majigambo ya ng'ombe yaitwayo ebirahiro, ambamo kila mnyama husifiwa kwa rangi yake, kwa pembe zake na kwa visima na malisho aliyopitia. Rwanda kuna utanzu ulio jamaa yake, amazina y'inka, maana yake majina ya ng'ombe. Msikilizaji makini anaweza kujua kundi limetoka wapi na limepita wapi. Huo nao ni ufuatiliaji, tena wa kina, isipokuwa daftari lake liko kichwani mwa watu na halichukuliki na mgeni.

 

Lakini kiini cha ubishi hakipo kwenye jina la ng'ombe, kipo kwenye mwenyewe. Wanyarwanda husema kugabira, yaani kumpa mtu ng'ombe kwa heshima, kwa urafiki au kwa shukrani. Ng'ombe huyo haondoki moja kwa moja mkononi mwa aliyempa. Akizaa, mpokeaji anajua iko siku atatakiwa kurudisha ndama, na siku hiyo itakuwa sherehe, si malipo ya deni. Pia kuna kuragiza, kumkabidhi ng'ombe kwa mtu mwenye malisho amchunge: mchungaji anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki na ng'ombe na uzao wake. Yaunganishe hayo mawili. Mtamba ametolewa na mzee wa Mbarara kwa shemeji yake, shemeji amemkabidhi kwa binamu aliyeko Nakivale. Maziwa ni ya binamu. Ndama ni wa shemeji. Neno la mwisho kama auzwe au asiuzwe litamfikia mzee, hata kama hajamwona ng'ombe huyo kwa miaka sita. Na kama alitolewa mahari, ukoo wa mume nao una jicho juu yake, maana ndoa ikivunjika ng'ombe hurudi.

Usajili hauna nafasi ya watu watatu. Unataka jina moja, simu moja, kitambulisho kimoja. Hapo aliyeshika kamba siku ya kuandikisha ndiye anayegeuka kuwa mwenye ng'ombe, na makubaliano yaliyodumu vizazi viwili yanakwisha kwa mibofyo michache ya kifaa. Nakivale, usajili kama huo ukifika, kuna kikwazo kingine: mkimbizi hana kitambulisho cha taifa cha Uganda, ana kadi ya ukimbizi inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Jirani yake raia anacho cha taifa. Ng'ombe wao wanakunywa maji ya ziwa lile lile la Nakivale. Wakigombana juu ya fahali, si vigumu kubashiri karatasi ya nani itaonekana nzito zaidi.

Hofu ya orodha haikuzuka hewani. Nakivale ilianza karibu mwaka 1960, ikiwapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda, wengine wakiwa na mifugo yao. Oktoba 1982, wakati wa serikali ya pili ya Rais Obote, viongozi wa mitaa na vijana wa chama tawala cha UPC waliwafukuza makumi ya maelfu ya watu walioitwa Wanyarwanda kutoka Ankole, wakiwemo raia. Baadhi walivuka kwenda Rwanda, baadhi wakasukumwa hadi Nakivale na makazi mengine. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa. Mwaka uliofuata, Ziwa Mburo likatangazwa hifadhi ya taifa, na Wahima waliochunga huko wakaondolewa. Septemba 2013 ikawa zamu ya Tanzania: Operesheni Kimbunga iliwaondoa mkoani Kagera watu walioitwa wahamiaji haramu, wakiwemo wafugaji, na wengine wakaingia Uganda.

Katika visa vyote hivyo swali la kwanza lilikuwa lile lile: wewe ni nani, na hawa ng'ombe ni wa nani? Aliyekwisha kulijibu mara tatu na kila mara akapoteza kitu, si ajabu akinyamaza mara ya nne.

Na wakimbizi wa Nakivale wanajua kusajiliwa kulivyo. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na shirika la UNHCR waliwahakiki wakimbizi wa nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho, baada ya kashfa ya majina hewa. Idadi iliyokuwa ikitajwa kuwa milioni 1.4 ikashuka kwa mamia ya maelfu. Uhakiki huo ulikuwa na sababu za haki kabisa. Ila ulifundisha jambo ambalo wafugaji hawakulisahau: usipoonekana kwenye mashine, mgao wako haupo.

Upande wa pili nao una hoja, na ingekuwa uchoyo kuzificha. Ugonjwa wa miguu na midomo umeifunga minada ya kusini-magharibi mara kwa mara. Mwaka 2024 ulienea hata serikali ikaamua chanjo iwe ya lazima na mfugaji achangie gharama. Mnyama asiyejulikana alikotoka ni vigumu kuthibitisha amechanjwa. Wezi wa mifugo wanapenda sana ng'ombe asiye na alama. Soko la nje nalo haliamini majigambo: Botswana iliendelea kuuza nyama Ulaya kwa kuwamezesha ng'ombe wake kidonge chenye namba, kilichokaa tumboni, kabla ya kuhamia hereni. Wenye ng'ombe wa kisasa aina ya Friesian kandokando ya Mbarara, wanaopeleka maziwa kwenye matangi ya baridi kila asubuhi, wengi wao hawana ugomvi na hereni. Ng'ombe wao alinunuliwa kwa fedha, mwenyewe ni mmoja, na anafugwa ndani ya uzio.

Ndipo ulazima unapoonyesha upungufu wake. Umetengenezwa kwa kipimo cha mfugaji huyu wa uzio, kisha unavalishwa wote. Ng'ombe wa pembe ndefu hushinda kwenye vichaka vya miiba, na hereni hunasa na kuchana sikio. Chapa ya moto inaharibu ngozi ambayo mwenyewe aliichagua kwa uzuri wake. Na ubishi huu si wa Waafrika peke yao: Marekani iliutelekeza mpango wake wa kitaifa wa utambuzi wa mifugo mwaka 2010 baada ya wafugaji wadogo kuukataa, wakiwemo Waamish waliopinga kwa sababu za dini.

Rwanda ilionyesha njia nyingine mwaka 2006. Mpango wa Girinka huipa familia maskini ng'ombe, na ndama jike wa kwanza hupelekwa kwa jirani. Nao umekuwa na manung'uniko yake, ya watu waliopewa bila kustahili. Lakini waliouandika waliona kwamba ng'ombe anaweza kuwa na wenyewe zaidi ya mmoja, wakaanzia hapo.

Siku ya mnada huko Isingiro, si ajabu kumkuta ng'ombe mwenye tundu dogo sikioni, mahali hereni ilipokuwa. Mnunuzi wa Kihima hulitazama tundu, akalipita. Huangalia pembe, hupapasa ngozi ya mgongo, hurudi nyuma hatua mbili amwone mwendo. Kisha humgeukia muuzaji na kumwuliza mama yake ni yupi.