Pikseli Moja, Kilomita 13

Kaa ufukweni Tchomia, Kongo, giza linapoanza kuingia, utazame juu ya Ziwa Albert. Utaona nukta nyeupe ikipita kimya, haimweki kama taa za ndege. Hiyo ni setilaiti. Ziwa lote, kilomita 160 hivi kwa urefu, hulimaliza kwa sekunde 23.

Sasa fungua kwenye simu ramani inayoonyesha setilaiti zilipo. Dunia imefunikwa na nukta kama nzi juu ya samaki walioanikwa, na mtu hushangaa kwamba bado hazijagongana zote. Ramani hiyo inatia chumvi. Kioo chenye pikseli 1,000 kwa upana kikionyesha Dunia nzima, pikseli moja ni kilomita 13. Pikseli mbili na kitu tu, umeshavuka Ziwa Albert hadi Uganda. Setilaiti yenyewe mara nyingi haizidi ukubwa wa basi.

Hatari imejificha kwenye hesabu. Shirika la anga la Ulaya, ESA, linakadiria kwamba huko juu kuna vitu kama 54,000 vinavyozidi sentimita 10. Vipange viwili viwili: jozi bilioni 1.46. Kompyuta huanza kwa kutupa zile ambazo njia zake hazikaribiani kamwe. Zinazobaki ndizo zenye kazi, maana mahali hasa pa kila kitu hapajulikani; kinachojulikana ni eneo ambamo huenda kimo. Tarehe 10 Februari 2009, utabiri mmoja ulisema setilaiti Iridium 33 ya Marekani ingepishana na Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imeshakufa, kwa mita 584. Ziligongana juu ya Siberia kwa kasi ya kilomita 11.7 kwa sekunde. Vipande zaidi ya 2,000 viliorodheshwa.

Ndiyo maana wenye setilaiti wengi hukwepa uwezekano wa kugongana ukifika 1 kwa 10,000, na wengine hawangoji hapo. Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti iliyopata kibali Kongo Mei 2025, iliripoti kukwepa mara 144,404 kati ya Desemba 2024 na Mei 2025: karibu mara 800 kwa siku, yaani kila baada ya dakika mbili hivi. Kila mara hutumika gesi kidogo, na gesi hiyo haijazwi tena.

Macho ya kuvifuatilia vitu hivyo nayo yana bei. Rada ya Space Fence, iliyoanza kazi Kwajalein mwaka 2020, iliigharimu Marekani kama dola bilioni 1.5, ilhali maonyo ya kugongana Marekani huwapa wenye setilaiti bure. Ukiiona tena ramani ile, usihesabu nukta. Uliza umbali wa kupishana, na utabiri huenda umekosea kwa mita ngapi.